Hema Bila Marehemu

Hema ni kitambaa na vyuma. Nimelisema hilo kwa miaka kumi na tisa, tangu nianze kukodisha mahema na viti hapa Mayoni, na nimelisema kwa sauti, maana mimi Dinah kunong'ona sikufundishwa. Watu wa kwetu huamini kwamba hema likisimamishwa kwenye boma lisilo na msiba, litajitafutia marehemu wake. Hata wachungaji husema hivyo, wakishashiba chai. Mimi nilikuwa nikiwacheka. Nilikuwa nikiwauliza: mimi ninayelala na mahema saba, ukuta mmoja tu kati yao na kitanda changu, mbona sijafa?

Siku hizi sicheki. Lakini sababu si ile wanayoidhani watu, na ninaiandika hapa kwa kuwa hakuna mtu wa Mayoni ninayeweza kumwambia.

Nehemiah alinijia mwezi wa tatu, siku mbili baada ya ile mvua ya mawe. Alikuwa mpishi wa sukari nguru. Nyumbani kwao alikuwa na mashine ya kukamulia miwa: rola tatu za chuma zilizofungwa kwa mkanda kwenye injini ya petroli, injini aliyoing'oa kwenye pikapu kuukuu na kuiunganisha kwa mikono yake mwenyewe. Mkewe Awinja alizoea kuwaambia watu kwamba yeye ndiye mke wa pili, bibi mkubwa ni injini. Alisema kwa utani, lakini alijua vizuri kwamba bibi mkubwa huyo ndiye aliyewalisha wote. Sasa upepo wa mvua ile ulikuwa umeyang'oa mabati ya kibanda na kuyatupa kwenye miwa ya jirani.

"Dada Dinah, nipatie hema moja mpaka mwezi wa nane," aliniambia. "Masika ikipiga hiyo injini miezi tano, mimi nitabaki kuuza chuma kwa kilo."

"Hema kwenu? Na mama je?"

"Mama nitaongea na yeye."

Mama yake ni Navalayo. Alizaa wavulana watatu. Wanzala, mkubwa, alizikwa miaka sita iliyopita baada ya homa ya siku nne. Shikanga akamfuata miaka minne baadaye, trela la miwa lilipomlalia barabarani. Hema la misiba yote miwili lilikuwa langu. Nehemiah ndiye aliyebaki, na kila mtu alijua jinsi mama yule alivyoishi tangu hapo. Nehemiah akichelewa sokoni, mama anasimama langoni. Akikohoa usiku, mama anaamkia mlangoni pake kumuuliza kama ameona damu.

Mtu mwenye busara angekataa. Mimi nilimhurumia kijana, na nilikuwa na hema moja lisilo na kazi: lile kubwa jeupe lenye kiraka cha buluu pembeni. Kiraka hicho nilikishona mwenyewe baada ya mshumaa kuliunguza kwenye mkesha wa Wanzala. Nilikumbuka vizuri. Nikajiambia kitambaa hakina kumbukumbu, nikalipakia kwenye mkokoteni.

Tulilisimamisha Alhamisi alasiri. Navalayo alikuwa amekwenda Mukumu kutibiwa mguu wake, na angelala huko kwa dada yake. Nehemiah aliichagua siku hiyo makusudi, nami nikamsaidia kujifanya kwamba hakuichagua. Tulipigilia vigingi, tukakaza kamba, na giza lilipoanza kuingia mashine ilikuwa imekaa chini ya hema, kavu, kama bwana harusi anayesubiri wageni.

Wageni walikuja asubuhi.

Nilikuwa nimerudi kukaza kamba, kwa sababu usiku mvua ilinyesha na kitambaa kipya kilicholowa hulegea, sembuse cha zamani. Nikawaona wanawake watano wakiingia langoni na kuni vichwani. Wakazitua kando ya jiko bila neno, wakajifunga leso viunoni. Nyuma yao akaja Ishaq, mnunuzi wa sukari nguru kutoka Matungu, mtu mpole asiyependa makuu. Alikuwa amepita barabarani, akaona hema, akashuka kwenye gari lake. Alimwendea Awinja, aliyekuwa ameshika karai la vyombo.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema. "Poleni sana, mama. Ni nani?"

Awinja akabaki amekodoa macho. Kabla hajajibu, mwanamke mwingine akaingia mbio kutoka njiani, mikono kichwani, akilia kwa sauti ile ya msiba inayofika mpaka ng'ambo ya mto. "Nehemiah wee! Nehemiah, umetuachia nani!" Wale watano wakamwitikia. Bila shaka walijiuliza njiani ni nani aliyebaki wa kufa katika boma lile, na jibu lilikuwa moja.

Nehemiah akatoka chini ya hema, mikono imejaa grisi, spana mkononi.

Kilio kikakatika. Yule mwanamke alimtazama, akarudi nyuma hatua mbili, akajikwaa kwenye kuni.

Ningeweza kucheka, na kusema kweli nilianza. Nilisema, "Haya, marehemu ameamka, nani anampa chai?" Hakuna aliyecheka. Kisha tukasikia pikipiki langoni. Navalayo alikuwa amerudi mapema kutoka Mukumu. Alikuwa amesikia kilio tangu barabarani, amesikia na jina, na sasa akaliona hema. Hakungoja pikipiki isimame. Alianguka kwenye matope na mguu wake mbovu, akaja akitambaa mpaka Nehemiah alipomkimbilia na kumwinua. Alimshika shati kwa mikono miwili. Alimpapasa uso kama kipofu.

"Niko, mama. Niko mzima. Ni ya mashine tu."

Mama akageuka polepole, akalitazama hema kuanzia juu mpaka chini. Akaona kiraka.

"Hii ndiyo ilifunika Wanzala," alisema. "Hii ndiyo ilifunika Shikanga. Dinah, umeniletea hii?"

Mimi, mwenye mdomo mrefu kuliko wote Mayoni, nikainama kukaza kamba niliyokuwa nimeshaikaza.

"Na sasa wameshamlilia," mama aliendelea, wala hakupaza sauti. "Wamemwita na jina. Hema imesikia."

Nilitaka kulishusha siku hiyo hiyo. Mungu ni shahidi wangu, nilishika kamba ya kwanza. Nehemiah akanizuia. Wingu lilikuwa limeshashuka juu ya miwa, jeusi, na mabati mapya hayangepatikana kabla ya mavuno. Akamwambia mama yake kwamba hema likishuka, mashine itakufa, na mashine ikifa watakufa wote kwa njaa, kwa hiyo achague. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimjibu mama yake hivyo. Mama akakaa kwenye kiti cha plastiki.

"Hema ya matanga haina ukuta," alisema mwishowe. "Inaachwanga wazi, watu waingie kila upande. Hii muifunge. Pande zote nne, mpaka chini. Ikiwa na ukuta itakuwa nyumba, si hema ya maiti. Itasahau."

Niliona ni jambo dogo. Niliona pia kwamba ndilo pekee ninaloweza kumfanyia baada ya kiraka kile. Nikamwahidi mapazia manne, bure, yaliyoshonwa na mkono wangu.

Wale wanawake waliondoka, lakini kuni zao walikataa kurudi nazo. Kwetu kuni zilizoletwa msibani hazirudishwi, ni kama kuomba msiba uzifuate. Zikabaki pale kando ya jiko, mizigo mitano. Awinja hakuthubutu kupikia hata ukuni mmoja. Alikuwa akinyeshewa shambani akitafuta kuni nyingine, huku zile zimelala kavu chini ya upenu, zikisubiri.

Mapazia yalinichukua wiki tatu. Ilikuwa Pasaka, kuna harusi, kuna misiba, na turubai zito la lori halishoneki kwa cherehani yangu, ni sindano ya magunia na nguvu za kidole. Katika wiki hizo tatu hema lilisimama wazi. Waendesha pikipiki walipofika usawa wa boma walipunguza mwendo, na kofia wakazivua. Mvua ikijaza maji juu ya paa, kitambaa kililegea katikati kama tumbo la mja mzito, na Navalayo alikuwa akitoka na mti mrefu kulisukuma, akilisemesha kwa Kiluhya maneno nisiyotaka kuyasikia. Kila Jumamosi Nehemiah aliiwasha injini kwa nusu saa, ili isishike kutu. Moshi ulitoka pande zote nne ukaenda zake. Hakuna lililompata.

Naomba mtu anayesoma haya asiisahau sentensi hiyo.

Nilipeleka mapazia mwishoni mwa mwezi wa nne. Matatu niliyapigilia mpaka ardhini, nikashindilia udongo kwenye pindo. La nyuma, linalotazama barabara, nililifunga kwa kamba ili lifunguliwe. Lakini upepo wa masika hauheshimu kamba. Baada ya siku mbili Navalayo akanitumia ujumbe: pazia la nyuma linapepea, watu wanaona ndani, hema ni wazi tena. Nikarudi nimekasirika, vidole vimechubuka, nikaishona ile sehemu ya nyuma moja kwa moja kwenye mapazia ya kando, mshono juu ya mshono. Kazi yangu naijua. Hapakubaki tundu la kuingiza kidole. Niliacha mlango mmoja tu, upande wa nyumba, kipande cha turubai cha kuinua na kushusha.

Nehemiah alikuwa amesimama akinitazama.

"Dada, na moshi itapitia wapi?"

"Itapitia mlangoni," nilimjibu, sindano mdomoni. "Kwani hema ni chungu?"

Akacheka. Alikuwa na kicheko cha pua, kama mtu anayepiga chafya. Mimi nikakata uzi.

Navalayo alikuja kulizunguka hema kwa fimbo yake. Aligonga kila upande. Alipomaliza, nilimwona kwa mara ya kwanza tangu Pasaka akivuta pumzi mpaka chini. Usiku huo, Awinja aliniambia baadaye, mama alilala mpaka jogoo wa pili. Nilijisifu moyoni. Nilisema, unaona, ushirikina wa watu hutibiwa kwa sindano na uzi.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano nilikwenda kwao kama saa nane mchana. Sikuwa na neno, nilitaka kukagua kitambaa changu, maana redio ilikuwa imetangaza mawe. Nilimkuta Nehemiah amesimama kwenye mlango wa hema na dumu la petroli.

"Naiwasha kidogo kabla mvua ifike," alisema. "Nenda kwa jiko, mama ako na chai."

Awinja alikuwa sokoni. Jikoni tulikuwa mimi na Navalayo. Alinimiminia chai, akaniwekea na kiazi kitamu, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, mguu mbovu ameunyoosha. Injini ikashika. Ina sauti yake ile, inakohoa mara tatu halafu inatulia na kuimba. Kisha mvua ikaja. Haikuanza na matone, ilianza na mawe, yakagonga bati la jiko mpaka tukaacha kuongea. Kupitia mlangoni niliona upepo ukipiga hema usoni, na ile turubai ya mlango ikipepea juu kwa juu. Niliona mkono wa Nehemiah ukitoka, ukaishika, ukaivuta chini, ukaikandamiza kwa jiwe. Alikuwa akiikinga injini isiingie maji. Niliona kwa macho yangu haya. Nikafikiri: kijana mwangalifu.

Tukanywa chai. Injini ikaimba.

"Leo ameiacha muda mrefu," mama alisema, mawe yalipopungua kidogo.

"Mwache na bibi mkubwa," nikasema. "Hawajaonana wiki nzima."

Akatabasamu nusu. Akasikiliza tena. Nilimwona akihesabu kwa vidole juu ya goti, sijui anahesabu nini.

"Nusu saa imepita, Dinah. Huwanga nusu saa."

"Anangoja mvua ikatike ndipo atoke. Utatokaje na mawe haya?"

"Wacha niende nimwone."

Alishika fimbo, akaanza kuinuka. Nikamshika bega. Nilimshika kwa upendo, naapa, kwa sababu ya mguu wake na ule utelezi wa uani.

"Kaa, mama. Utaanguka bure. Hema limefungwa kila upande, hata upepo haumfikii. Wewe mwenyewe uliligonga."

Akakaa. Alinitii kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeongea lugha yake. Nilimmiminia chai nyingine. Tulikaa vile labda robo saa zaidi, injini ikiimba, na mimi nikimsimulia habari za harusi moja ya Lubao ambapo bwana harusi alizirai. Nilisimulia vizuri. Nilimfanya acheke.

Kisha injini ikaanza kukohoa. Si kikohozi cha kuwaka. Ilikuwa ikishika na kuachia, ikishika na kuachia, kama mtu anayetafuta hewa. Ikazima. Mawe nayo yalikuwa yameisha, imebaki mvua ya kawaida. Tukangoja tuone turubai ya mlango ikiinuka.

Haikuinuka.

"Nehemiah!" mama aliita. "Nehemiah wee!"

Nilisikia jina lile likiitwa kwa sauti ileile ya yule mwanamke wa kuni, na mwili wangu ukaelewa kabla ya akili. Nilimwambia abaki. Nikakimbia kwenye barafu ile iliyojaa uani, nikapiga lile jiwe teke, nikainua turubai. Hewa iliyonipiga usoni ilikuwa ya moto, nzito, inauma macho. Nehemiah alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye rola, kichwa kimeinama kama mtu aliyesinzia kanisani. Kitambaa cha kufutia plagi kilikuwa bado mkononi. Uso wake ulikuwa mwekundu, mzuri, kuliko nilivyowahi kuuona. Nilibana pumzi, nikamshika kwapani, nikamburuta mpaka kwenye mvua. Nilimpiga makofi. Nilimpulizia mdomoni. Nilimtukana. Navalayo alipofika kwa fimbo yake, moshi wote ulikuwa umeshachukuliwa na upepo, na aliyemwona ni mwanawe amelala kwenye mawe ya barafu, hana jeraha, na hema jeupe limesimama nyuma yake.

Ishaq ndiye aliyetupeleka hospitalini kwa gari lake, akiendesha na kuomba dua kwa pamoja. Awinja tulimchukua sokoni, na nyanya bado mkononi. Daktari aliyempokea alikuwa msichana mdogo, mchovu. Alituita pembeni, mimi na Awinja, akatuambia Nehemiah ameshafariki, akatuuliza injini ilikuwa ya nini na ilikuwa imewashwa wapi. Nikamweleza. Akatikisa kichwa.

"Ni hewa ya injini," alisema. "Haina harufu ya kukushtua. Mtu anaona usingizi tu. Hapo palipofungwa hivyo, nusu saa inatosha. Nani aliyafunga mapazia?"

"Mimi," nilisema.

Daktari hakuuliza zaidi. Alikuwa na wagonjwa wengine. Awinja alikaa kwenye benchi, ameangalia nyanya zake. Nilisubiri anipige. Ningefurahi angenipiga.

"Na nani alikuambia ufunge?" aliuliza baadaye, bila kuinua macho.

Alikuwepo siku ile, na karai lake la vyombo. Alijua.

"Mama asijue," alisema. "Dinah, unanisikia? Wewe unapendanga kusema ukweli mbele ya watu. Huu usiseme. Amezika wawili, huyu ni wa tatu. Akijua ni mapazia, akijua ni yeye alisema, tutamzika na yeye wiki hiyo hiyo. Niapie."

Nikamwapia, mikono yangu ikiwa bado inanuka petroli.

Siku ya pili nilirudi bomani na wanaume wanne kuishusha ile laana na kusimamisha hema lingine. Navalayo alikuwa amekaa kwenye upenu, wanawake wamemzunguka. Hakuwa akilia. Alinyoosha fimbo.

"Liache," alisema. "Limekuja kwa kazi yake. Wacha liimalize. Toeni mashine tu."

Wakaitoa mashine kwa kusukuma, rola zinalia, wakaiacha kwenye mvua kando ya choo. Hakuna aliyeifunika. Awinja alikuwa akiwasha moto wa kuwapikia waombolezaji, na niliona anatumia zile kuni. Mizigo mitano, kavu kabisa. Ziliwaka mara moja.

Kwangu ilibaki kazi ya mapazia. Hema la matanga halina ukuta. Nilipiga magoti kwenye matope na wembe, nikaanza na ule mshono wa nyuma, mshono juu ya mshono, nikiufumua uzi mmoja mmoja, mbele ya macho ya watu wote wa Mayoni. Nilisikia wanavyosema nyuma yangu. Kwamba Dinah alileta hema la ndugu kwa ndugu. Kwamba Dinah alionywa akacheka. Kwamba tangu leo hema la Dinah halikanyagi kwa mtu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mmoja alisema, na sikugeuka. Nilitaka kusimama juu ya kiti na kupiga kelele kwamba ni moshi, wapumbavu nyinyi, ni moshi tu, fungueni madirisha yenu, fungueni majiko yenu mnamolala na watoto na makaa! Mdomo wangu ulijaa maneno hayo. Niliyameza kama mawe.

Fimbo ikasimama kando ya goti langu. Navalayo alikuwa amekuja peke yake. Alijishusha polepole mpaka akakaa kwenye kiti nilichokiweka pale.

"Dinah," alisema. "Wewe hapana aminianga mambo ya hema. Miaka yote umetucheka. Mbele ya Mungu, niambie. Mwanangu aliuawa na nini?"

Nilimtazama. Macho yake yalikuwa yamekauka, na ndani yake kulikuwa na swali moja tu, na nyuma ya swali hilo kulikuwa na shimo. Kwa upande wa jiko nilimwona Awinja ameacha kuchochea moto. Alikuwa akitutazama.

"Ni hema, mama," nilisema. "Lilimtafuta. Ulisema, nikakataa kusikia."

Akaitikia kwa kichwa. Nilidhani amemaliza. Kisha akaweka kiganja chake juu ya pazia lililokuwa magotini mwangu, akalipapasa, akafuata mshono wangu kwa kidole.

"Ulichelewa na hizi," alisema, pole pole, bila hasira. "Wiki tatu lilikaa wazi. Lilimwona wakati huo. Kama ungezishona siku ile ya kwanza, Dinah, mtoto wangu angekuwa hai."

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nilichelewa. Nisamehe."

Akashika upande mmoja wa pazia, mimi nikashika mwingine, tukalikunja pamoja.